MAKALA: Fedha za barabara zihame, mitaa ya mpakani ipone

LORI lililobeba shehena kutoka Mombasa likifika Malaba huiacha barabara kuu ya taifa, likakata kona na kuingia mtaa wa mji kutafuta maegesho. Kwa mizunguko hiyo michache ya magurudumu, limekwisha kuvuka kutoka mali ya serikali moja hadi mali ya serikali nyingine. Dereva haoni alama yoyote na lami haibadiliki rangi. Kinachobadilika ni jina la anayepaswa kuziba shimo.

Hali ni hiyo hiyo mjini Busia, ambako barabara inayotoka Kisumu hufikia mpaka wa Uganda. Na ni hiyo hiyo Moding, huko Teso Kaskazini, ambako hakuna foleni ya malori, lakini kuna mkulima anayetaka kufikisha mihogo yake sokoni na mama mjamzito anayetaka kufika hospitali ya Kocholya kabla giza halijaingia. Barabara zote hizi zinategemea chungu kimoja cha fedha, lakini miiko ya kupakulia ni mingi, na kila mwiko una mwenyewe.

Mwaka 2024 na 2025 Wakenya walishuhudia mvutano mkali kati ya wabunge na magavana kuhusu Sh10.5 bilioni za chungu hicho. Magavana walidai kuwa fedha hizo ni haki ya kaunti. Wabunge wakashikilia kwamba kaunti zilikwisha kupewa chao. Mvutano huo ulichelewesha mgao wa fedha nyingine na hatimaye ukafika mahakamani. Katika kelele hizo, swali moja lilisikika kwa nadra: je, ni lazima serikali moja ishinde na nyingine ishindwe ndipo mtaa upate kutengenezwa?

Jibu limo ndani ya sheria zetu wenyewe. Fedha na kazi za barabara zinaweza kuhama kutoka serikali moja hadi nyingine kwa makubaliano. Makala haya yanaeleza utaratibu huo, manufaa yake, na mahali ambapo mwananchi anapaswa kuwa macho.

Sh25 katika kila lita

Tuanze na chungu chenyewe. Kila anayenunua petroli au dizeli nchini Kenya hulipa ushuru wa matengenezo ya barabara. Ushuru huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na usimamizi wake ukakabidhiwa Bodi ya Barabara Nchini, KRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Tangu mwaka 2006 kiwango kilikuwa Sh9 kwa lita. Kilipanda hadi Sh12 mwaka 2015, kikafika Sh18 mwaka 2016, na mnamo Julai 2024 kikapandishwa hadi Sh25.

Mwendeshaji bodaboda anayetumia lita tatu kwa siku huchangia Sh75 kila siku kwa kiwango hicho. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, amechangia Sh22,500. Mwenye lori linalojazwa lita 400 huacha Sh10,000 katika mfuko huo kwa mkupuo mmoja. Hawa si watu wanaoomba msaada wa serikali. Wamelipia barabara kabla hawajaikanyaga.

Hata hivyo, si kila shilingi ya ushuru huo huenda kuziba mashimo. Mwaka 2025 serikali kuu iliamua kutumia Sh7 kati ya Sh25 za kila lita kama dhamana ya kupata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai malimbikizo. Wanakandarasi walikuwa na haki ya kulipwa. Lakini shilingi iliyowekwa rehani kwa kazi ya jana haiwezi kununua changarawe ya leo, na kwa hiyo kile kinachobaki kinahitaji kutumiwa kwa uangalifu zaidi.

Mpakani kuna tatizo jingine ambalo mikoa ya ndani hailijui. Mafuta yanayopita Kenya kwenda Uganda hayatozwi ushuru huu, kwa kuwa hayatumiki nchini. Na dereva anayejaza tangi upande wa pili bei inapokuwa nafuu huko, halafu akarudi kuzunguka mitaa ya Busia, huchakaza barabara ya Kenya bila kuchangia senti. Mji wa mpakani hubeba mzigo wa nchi mbili kwa mgao uliokadiriwa kana kwamba ni mji wa nchi moja.

Mwenye barabara ni nani?

Kabla ya mwaka 2013 miji na wilaya ziliendeshwa na mabaraza ya serikali za mitaa, ambayo kwa sheria ya mwaka 1998 yalipata sehemu ya kodi ya mapato kupitia mfuko maalumu wa mabaraza. Barabara nyingi, hata hivyo, zilikuwa mikononi mwa wizara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za mijini na KeRRA kwa barabara za mashambani.

Mgao wa ushuru wa mafuta ukafuata mkondo huo. KeNHA ilitengewa asilimia 40, KeRRA asilimia 32 na KURA asilimia 15. Shirika la Wanyamapori lilipata asilimia moja, KRB ikabaki na asilimia mbili za kuendeshea shughuli zake, na asilimia 10 zikaachwa zigawanywe kwa uamuzi wa waziri. Katika zile 32 za KeRRA, 22 ziligawanywa sawa kwa sawa kati ya maeneo bunge yote. Ndiyo maana wabunge huona fedha hizi kuwa sehemu ya kazi yao. Busia ina maeneo bunge saba, na kila moja huhesabu kilomita zilizochongwa kabla ya uchaguzi.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Jedwali la Nne liliipa serikali ya kitaifa barabara kuu za taifa, na serikali za kaunti zikapewa barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho na usafiri wa umma. Mnamo Januari 2016 orodha ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali: karibu kilomita 40,000 zikawa za taifa na zaidi ya kilomita 121,000 zikawa za kaunti. Kwa maneno mengine, kaunti zilikabidhiwa robo tatu ya barabara zote.

Fedha hazikufuata kilomita. Kwa miaka kadhaa katika muongo huo, kaunti zilipewa asilimia 15 ya ushuru wa mafuta kama ruzuku yenye masharti. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, ruzuku hiyo pamoja na nyingine tatu ziliunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti, uliopandishwa hadi Sh370 bilioni. Hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi. Mbunge husema fedha za barabara za kaunti zimo ndani ya mgao huo. Gavana hujibu kwamba fedha zisizo na jina humezwa na mishahara na madeni, na kwamba KeRRA na KURA zinaendelea kupokea fedha kwa barabara ambazo Katiba iliwapa wengine.

Kila upande una hoja. Lakini mvua haisubiri hoja zikamilike.

Gharama ya kuchelewa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahandisi wa barabara wamelipima jambo hilo kwa tarakimu.

Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu hali ya barabara katika nchi 85 zinazoendelea. Ilikadiria kuwa nchi hizo zilikuwa zimepoteza barabara zenye thamani ya dola bilioni 45, hasara ambayo ingeweza kuepukwa kwa matengenezo ya wakati yasiyofika dola bilioni 12. Kujenga upya kulikuwa ghali mara tatu hadi tano kuliko kutunza. Mifuko ya ushuru wa mafuta iliyoanzishwa barani Afrika katika miaka ya 1990, ukiwemo wa Kenya, ilitokana na funzo hilo.

Adui wa kwanza wa barabara ni maji. Mtaro ukiziba, maji hukaa juu au hupenya chini, udongo hulainika, na gurudumu la kwanza zito huacha alama ambayo la pili hulifanya shimo. Kusafisha mtaro kunahitaji jembe, sepetu na mtu anayelipwa kwa wakati. Kenya iliwahi kulielewa hili vizuri. Katika mpango wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974, mkazi wa karibu alikabidhiwa kipande kifupi cha barabara akitunze, kwa kawaida kisichozidi kilomita mbili. Alikijua kila kipenyo cha maji, na barabara ilidumu.

Adui wa pili ni uzito. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli yenye uzito maradufu huumiza barabara si mara mbili, bali mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu mawili kila upande, na tani 56 kwa lori zima. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, madhara huongezeka takriban maradufu.

Sasa tazama mitaa ya Malaba na Busia. Barabara kuu ilijengwa kwa hesabu ya malori hayo. Mtaa wa kuelekea maegesho, gereji au nyumba ya kulala wageni aghalabu haukujengwa hivyo. Foleni inapokuwa ndefu, kama ilivyotokea mwaka 2020 wakati wa vipimo vya Covid-19 mpakani, malori hujipenyeza kila upande. Kaunti hukusanya ada ya maegesho, lakini ada hiyo huingia katika hazina ya jumla ya kaunti, inakogombaniwa na mahitaji mengine yote.

Maana ya kubadilishana

Kubadilishana fedha za barabara ni makubaliano ambayo kwayo serikali au mamlaka moja hutoa fedha zake, zana zake au kazi yake katika barabara isiyo yake, na nyingine hulipa kwa kitu cha thamani inayolingana. Kuna namna tatu kuu.

Ya kwanza ni kubadilishana kazi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba KeRRA ina kilomita 12 za barabara ya changarawe upande wa Moding na hapo hapo kaunti ina mitaa ya soko inayokutana nayo. Kila mmoja akitangaza zabuni yake, greda mbili zitasafirishwa, wanakandarasi wawili watalipwa gharama za kuanzia kazi, na huenda mmoja akaja Machi na mwingine Septemba. Wakikubaliana, mmoja hutengeneza vyote kwa safari moja, na mwingine hulipa deni hilo kwa kazi ya thamani hiyo kwingineko katika kaunti.

Ya pili ni kubadilishana majira. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Hadi zabuni ikamilike na fedha zitoke, miezi mingi imepita, na mara nyingi kandarasi huanza wakati mvua za masika zimekwisha kuingia. Changarawe inayomwagwa kwenye tope ni fedha iliyotupwa mtoni. Ofisi iliyopata fedha mapema ikianza kazi ya mwenzake katika kiangazi, na mwenzake akailipa kwa kazi baadaye, hakuna anayepoteza na barabara hupona.

Ya tatu ni kubadilishana masharti. Fedha nyingine zina masharti mengi kiasi kwamba kazi ndogo haiwezi kuzibeba. Mamlaka kubwa yenye wahandisi na wanasheria hubeba masharti hayo kwa urahisi. Mji mdogo hauwezi. Badala ya fedha kulala, mkubwa huzichukua na kumwachia mdogo fedha zenye masharti machache.

Namna hii ya tatu ni ya kawaida Marekani. Katika jimbo la Kansas, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, miji na kaunti zimeweza kukabidhi jimbo mgao wao wa fedha za serikali kuu na kupokea fedha za jimbo zenye masharti mepesi. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa senti 90 kwa kila dola moja. Mji ulipoteza senti 10 na kupata uhuru wa kutengeneza mtaa wake mwaka huo huo. Huko Los Angeles, kodi ya mauzo iliyopitishwa kwa kura mwaka 1980 hutoa mgao kwa kila mji kwa ajili ya usafiri wa umma. Mji usio na mabasi huruhusiwa kuuachia mji wenye mabasi mgao wake na kupokea fedha za matumizi ya kawaida, kwa punguzo walilokubaliana.

Kenya haiwezi kuiga kila kitu hapo. Ushuru wa mafuta ni wa barabara, na haupaswi kugeuzwa kuwa mishahara kwa mlango wa nyuma. Kinachofaa kuigwa ni bei iliyo wazi: kila upande unajua umetoa nini na umepata nini.

Katiba inaruhusu nini

Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu kazi ya serikali ya ngazi moja ihamishiwe ngazi nyingine kwa makubaliano, ikiwa huko itatekelezwa vizuri zaidi na kama hakuna sheria inayokataza. Masharti mawili hufuata. Kwanza, rasilimali za kutekelezea kazi hiyo lazima zihame pamoja nayo. Pili, wajibu wa kikatiba hubaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo tangu awali. Kaunti ikimwachia KURA mtaa wake autengeneze, mtaa ukiharibika mwananchi bado ana haki ya kumuuliza gavana.

Kifungu cha 189 kinakwenda mbele zaidi. Kinazitaka serikali za ngazi zote mbili, na pia kaunti kwa kaunti, zishirikiane, na kinaruhusu ziunde kamati au mamlaka za pamoja. Kwa Teso Kaskazini jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa eneo hilo limepakana na kaunti ya Bungoma. Mkulima wa upande huu huenda soko la Malakisi, lililo Bungoma, bila kuonyesha pasi. Kaunti moja ikichonga barabara hadi mpakani mwake na jirani asichonge, kilichopatikana ni njia inayoishia kwenye tope. Busia na Bungoma zote ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za eneo la Ziwa Victoria, kwa hiyo meza ya kukutania ipo.

Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya mwaka 2012 inaeleza utaratibu: makubaliano yawe ya maandishi, na yaseme kazi ni ipi, rasilimali ni zipi na migogoro itatatuliwaje. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hii inahusu barabara kama inavyohusu duka.

Funzo la Nairobi

Nchi hii imekwisha kuona uhamisho wa aina hii kwa kiwango kikubwa. Mnamo Februari 25, 2020, kaunti ya Nairobi ilitia saini mkataba wa kuikabidhi serikali ya kitaifa kazi nne: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya maendeleo. Idara mpya ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, ikaundwa kuzitekeleza, na ikaendelea hadi mwaka 2022.

Barabara kadhaa za mitaa zilitengenezwa. Lakini ugomvi ulizuka mapema. Gavana aliyetia saini alilalamika baadaye, fedha za kaunti zikawa suala la mvutano kati ya ofisi yake, bunge la kaunti na serikali kuu, na mnamo Juni 2020 mahakama ikakosoa utaratibu uliotumika kuiunda idara hiyo, ikiwemo kukosekana kwa ushirikishaji wa umma.

Funzo ni kwamba uhamisho mkubwa, wa haraka na uliofanyika juu kwa juu huzaa kesi. Mdogo, wenye orodha ya barabara kwa majina na muda maalumu, una nafasi nzuri zaidi ya kudumu. Kilomita 12 hazihitaji hafla ya Ikulu.

Njia waliyochukua jirani zetu

Tanzania ilichagua njia tofauti. Kwa muda mrefu mfuko wake wa barabara uligawanywa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa halmashauri. Mwaka 2017 serikali iliunda wakala mmoja, TARURA, na kuukabidhi barabara za mijini na vijijini zilizokuwa chini ya halmashauri zote. Ubishi wa nani afanye ulikwisha kwa kuondoa mmoja wa wabishi. Gharama yake ni kwamba diwani anayekaribia barabara hana tena fungu la kuitengeneza.

Uganda nayo ilikuwa na mamlaka ya barabara za taifa, UNRA, iliyofanya kazi tangu 2008. Mwishoni mwa mwaka 2024 mamlaka hiyo ilivunjwa na kazi zake zikarudishwa wizarani. Mfanyabiashara wa Busia anayevuka mpaka kila asubuhi anaishi kati ya mifumo miwili inayoelekea pande tofauti: mmoja unakusanya madaraka kwenye wizara, mwingine unabishana jinsi ya kuyagawa.

Kenya haihitaji kuvunja kitu. Ugatuzi umeweka uamuzi karibu na mwananchi, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Kilichobaki ni kuwezesha fimbo ya jirani itumike nyoka akionekana.

Makubaliano yenye kufaa

Makubaliano mazuri kwa eneo kama Moding, Malaba na Busia yangekuwa na mambo matano.

Kwanza, orodha ya barabara. Kila mtaa uandikwe kwa jina, urefu, hali yake na mwenyewe kisheria. Kila mwaka KRB huandaa mpango wa kazi za barabara za umma nchini, na barabara isiyomo katika mpango ni yatima. Orodha ya pamoja ya kaunti, KeRRA, KURA na KeNHA ingefichua yatima hao.

Pili, thamani iliyokubaliwa. Kilomita ya lami ya mjini si sawa na kilomita ya changarawe ya kijijini. Wahandisi wa pande zote wakubaliane bei ya kazi kabla ya kuanza, ili mmoja asidai baadaye kuwa alipunjwa.

Tatu, kutanguliza utunzaji. Fedha zinazobadilishwa zianze na mitaro, mabomba ya kupitishia maji, kuziba mashimo madogo na kuchonga barabara ambazo bado ni nzima. Wanasiasa hupenda kukata utepe, na mtaro uliosafishwa hauna utepe. Lakini hapo ndipo shilingi moja huokoa tatu.

Nne, ada ya maegesho ichangie. Sehemu ya ada inayotozwa malori ikifungwa kwa uamuzi wa bunge la kaunti kwa ajili ya mitaa inayokanyagwa na malori hayo, kaunti itakuwa na kitu cha kuweka mezani inapozungumza na mamlaka za kitaifa. Anayekuja mikono mitupu huombaomba badala ya kubadilishana.

Tano, hesabu zinazosomeka. Msimamizi wa Bajeti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waone fedha zilikotoka na zilikokwenda. Na pale barabarani pawekwe ubao unaoonyesha fedha ni za nani, kazi ni ya nani, na itakamilika lini.

Hatari zilizopo

Isidhaniwe kwamba kila mabadilishano ni mema. Ofisi mbili zikibadilishana fedha, kuna hatari ya kila moja kudai mwenzake ndiye mwenye hesabu. Kazi moja inaweza kulipwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mfuko wa kaunti na ya pili kwa mfuko wa mamlaka, huku barabara ikiwa ile ile moja. Tiba yake ni ile orodha iliyotajwa, ikiwa wazi kwa umma kabla na baada ya kazi.

Hatari ya pili ni mdogo kumezwa na mkubwa. Malaba na Busia zina malori, ushuru wa forodha na macho ya Nairobi. Moding haina. Mabadilishano yakiongozwa na thamani ya shehena peke yake, kila shilingi itavutwa kuelekea mpakani, na barabara za Ang'urai zitaambiwa zisubiri mwaka ujao, kisha mwaka ujao tena. Makubaliano yapaswa kuweka kiwango cha chini kwa barabara za vijijini ambacho hakiguswi na yeyote.

Hatari ya tatu ni siasa. Mbunge na gavana mara nyingi ni wapinzani, na kila mmoja hutaka tingatinga liwe na picha yake. Hapa mwananchi ana nguvu kuliko anavyodhani. Bajeti ya kaunti haiwezi kupitishwa bila vikao vya kuwasikiliza wakazi. Mkazi anayesimama katika kikao hicho asiulize tu lini barabara itatengenezwa. Aulize barabara hii ni ya nani kisheria, imo katika mpango wa mwaka huu au haimo, na kama mwenyewe hana fedha, amemwandikia nani kuomba kubadilishana. Swali lenye jina la ofisi ni gumu kulikwepa.

Mvutano wa Sh10.5 bilioni ulihusu haki ya serikali juu ya fedha. Mwendeshaji bodaboda aliyelipa Sh75 zake leo anadai haki nyingine, ya kupita. Haki yake haitegemei ni ofisi gani iliyonunua changarawe. Katiba imeruhusu ofisi hizo zisaidiane, sheria imeonyesha namna, na karatasi ya kuandikia makubaliano haina gharama kubwa. Kiangazi ndicho kipindi cha kuyatia saini, maana masika yakifika kitakachojadiliwa si matengenezo tena bali ujenzi mpya, kwa bei ya mara tatu au tano ya ile iliyokataliwa.